Fowili kuukuu: liponye kwanza, kulirefusha baadaye

Ukijilaza chini ya gari la fowili (linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne) lenye miaka thelathini, cha kwanza kukuangukia usoni ni tope kavu, na cha pili ni tone la oili. Kazi inaanzia hapo hapo. Wengi wanaopata Land Cruiser, Land Rover, Patrol au Pajero ya zamani huanza na mapambo: wiki ya kwanza tairi pana, wiki ya pili springi ndefu, wiki ya tatu gari linavutwa kwa kamba. Beringi iliyochoka ikivishwa tairi zito inachoka maradufu, na krosi (kiungo cha kupinda cha shafti) yenye mchezo, yaani iliyolegea, ikipindishwa zaidi na springi ndefu hukatika. Ndiyo maana marekebisho yako mwishoni kabisa mwa mwongozo huu, na nakushauri usiruke kurasa kuyafuata.

Kabla hujaingia chini

Jeki huinua tu, haishikilii. Gari likishapanda, likalishe juu ya stendi mbili za chuma, chini ya ekseli (mhimili wa magurudumu) au chini ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), kwenye sakafu ngumu. Kama una udongo tu, tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tofali usiliguse. Tofali hupasuka bila kuonya, na wewe utakuwa umelala chali.

Kuna mtego mmoja wa magari haya ambao wenye magari madogo hawaujui. Land Rover za zamani, na fowili nyingine kadhaa, handibreki yake haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu magurudumu kuzunguka tofauti) inaliachia lile la hewani lizunguke upande mmoja huku lililo chini likizunguka upande mwingine, na gari linaondoka kwenye jeki ilhali handibreki umeikaza hadi mwisho. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara, hata kama ni kazi ya dakika tano.

Hatua ya kwanza: lisome gari

Osha chini mpaka chuma kionekane. Kisha chukua nyundo ndogo na utembee na chesisi kutoka mbele hadi nyuma, ukigonga taratibu. Chuma kizima hulia na kurudisha nyundo. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inazama. Kaa zaidi sehemu tatu: mahali springi zinapofungwa, pale chesisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na karibu na tanki, maana tope hujificha huko na kukaa na unyevu. Land Rover hudanganya sana katika hili. Bodi yake ni ya alumini, haioti kutu nyekundu, kwa hiyo gari laweza kung'aa juu huku chesisi ya chuma inaliwa kimyakimya. Alumini yenyewe inapogusana na chuma penye unyevu huharibika na kuwa unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye kingo za milango au chini ya mabati ya sakafu, fungua uangalie kilicho nyuma yake.

Tundu kwenye chesisi hutibiwa kwa kukata chuma kibovu na kuchomelea kipya. Kupaka putii na rangi ni kumzika mgonjwa akiwa hai. Kama mchomeleaji anakuja nyumbani, chomoa nyaya za betri na za altaneta (inayochaji betri) kabla hajawasha mashine, na kama kazi iko karibu na tanki, tanki lishuke.

Halafu tafuta kitabu cha mafundi cha injini yako hasa. Kujua kwamba gari ni "Land Cruiser" hakutoshi. Injini ya 2H inaendesha taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni) kwa gia, lakini 1HZ ya lita 4.2 iliyoifuata ina mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kwa Land Rover ni vivyo hivyo: 200Tdi na 300Tdi zina mkanda. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni hukutana. Kama hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa.

Fungua daftari, uandike tarehe, kilomita, ulichokiona na ulichokifanya. Miezi sita baadaye hutakumbuka ile difu ilivuja kiasi gani, na daftari litakuambia kama uvujaji umeongezeka.

Hatua ya pili: vimiminika

Mwaga oili ya injini ikiwa bado ina joto, badilisha na filta. Hapo hakuna siri. Siri iko kwenye gia boksi, transifa na difu zote mbili. Kila moja ina boliti mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Fungua ya juu kwanza. Mimi nililijifunza hili kwa uchungu: nilimwaga oili yote ya difu ya nyuma, nikageukia boliti ya juu, nikakuta imegandana na kutu na kichwa chake kimeviringika. Gari likalala siku nne bila oili hadi nilipopata mtu wa kuchomelea nati juu ya boliti ile ili tuizungushe. Ungefungua ya juu kwanza ikakataa, ungekuwa bado na gari linalotembea.

Aina ya oili ina maana kubwa kuliko jina la kampuni. Difu za hipoidi, zile ambazo meno yake huteleza huku yakisukumana, zinahitaji oili ya daraja la GL-5. Gia boksi nyingi za zamani za manyuali zinataka GL-4, kwa kuwa dawa za salfa zinazoongezwa kwenye GL-5 zinaweza kula shaba ya ringi za sinkromeshi, zile zinazolainisha ubadilishaji wa gia. Fuata kitabu, usimimine kopo moja kila mahali kwa sababu tu limebaki.

Oili inayotoka ndiyo ripoti ya daktari. Ipokee kwenye beseni safi uiangalie juani. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta kama rangi ya kucha, kuna beringi au gia inayosagika. Unga laini kidogo kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole si cha kawaida.

Maji huingiaje kwenye difu iliyofungwa? Kupitia kupumua. Difu ikitembea hupata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kwenye kitundu kidogo cha kupumulia juu ya ekseli. Ukiingia mtoni, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta ndani chochote kilicho karibu. Kitundu kikiwa kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia sili (mpira wa kuzuia oili isivuje). Dawa yake ni rekebisho pekee ninaloruhusu mapema: ondoa kifuniko cha kitundu, funga mpira unaohimili mafuta, upandishe hadi chumba cha injini karibu na ukuta wa kabini, na mwisho wake uwekee filta ndogo ya petroli izuie vumbi. Acha ulegevu wa kutosha ekseli iweze kushuka bila kuuchomoa. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, na gia boksi na transifa kama zina vitundu vyao.

Upande wa maji ya rejeta nina ugomvi wa siku nyingi na mafundi wanaotoa themostati (valvu ya joto inayofungulia maji njia ya rejeta) "ili injini ipoe". Injini nyingi, za Toyota zikiwemo, zina themostati yenye kisahani cha pili chini yake. Inapofunguka kuelekea rejeta, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa, na gari linachemka mlimani. Rudisha themostati mpya, safisha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele ili mbegu na wadudu watoke walikoingilia, tumia kulanti badala ya maji matupu, na mfuniko usiushike kukiwa na joto.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakiwa na unyevu huchemka mapema kwenye mteremko mrefu. Badilisha yote kila miaka miwili.

Kama ni dizeli, jifunze kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta ukiwa nyumbani, siyo usiku porini. Kwa mifumo mingi yenye pampu ya mkono:

1. Fungua boliti ndogo chini ya filta, toa maji yaliyotuama, ufunge.
2. Badilisha filta, na hiyo mpya uipake dizeli kidogo kwenye mpira wake.
3. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka povu liishe na itoke dizeli tupu, kaza huku bado unabonyeza.
4. Endelea kubonyeza hadi pampu iwe ngumu mkononi, kisha piga stata.
5. Ikigoma, legeza nati za mabomba kwenye nozeli (vinyunyizio vya dizeli) mbili, mwenzako azungushe stata hadi dizeli ichomoze, kaza. Mkono na uso viwe mbali. Dizeli ya shinikizo hupenya ngozi.

Hatua ya tatu: vinavyozunguka

Inua mbele, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, usikimbilie kununua beringi. Mwambie mwenzako akanyage breki, ulitikise tena tairi. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, pale gurudumu linapogeukia. Kisha shika kushoto na kulia; mchezo wa huko mara nyingi ni tairodi (fimbo ya usukani).

Kupaka beringi grisi ni kazi ya Jumamosi moja. Osha grisi yote ya zamani kwa dizeli, kausha kwa kitambaa, na usiizungushe kwa upepo wa kompresa hata kama mlio wake unafurahisha. Kagua roli moja moja: zikiwa na rangi ya bluu zimeungua, zikiwa na vishimo zimekwisha, na beringi ikibadilishwa kikombe chake nacho kinabadilishwa. Weka fundo la grisi kwenye kiganja, sukuma upande mpana wa beringi ndani yake mpaka grisi itokee upande wa pili, zunguka yote. Sili ya ndani iwe mpya. Nati ya kurekebishia kaza huku unazungusha habu (kitovu cha gurudumu) ili roli zikae, ilegeze, halafu ikaze kwa kipimo cha kitabu, na masikio ya washa ya kufungia yakunjwe sawasawa. Habu izunguke bila kukwama na bila kucheza.

Propela shafti ina alama mbili za kukumbuka. Kabla hujaifungua, piga mstari wa rangi kwenye flanji, na mwingine pale shafti inapoteleza ndani ya mwenzake. Ukiirudisha ikiwa imeruka meno, krosi za mbele na nyuma hazitakuwa kwenye mstari mmoja, na gari litatetemeka hadi uanze kulaumu tairi. Chuchu za grisi kwenye krosi na kwenye sehemu ya kuteleza zipigiwe grisi kila unapomwaga oili ya injini, na mara tu baada ya kuvuka maji ya kina.

Magari ambayo fowili yake huingizwa kwa hiari hayapendi kusahauliwa. Angalau mara moja kwa mwezi, kwenye barabara ya vumbi, ingiza fowili uende kilomita chache ili oili ifike kila mahali. Kwenye lami kavu usiingize. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri umbali tofauti na ya nyuma, transifa ya namna hiyo haina difu ya kumeza tofauti hiyo, na shafti zinajikaza hadi kitu kivunjike.

Hatua ya nne: umeme

Nusu ya miujiza ya umeme kwenye gari kuukuu ni athi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Weka mita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini, mwenzako apige stata: ikizidi nusu volti, waya wa athi una kutu au umelegea. Fungua, sugua hadi chuma cheupe, funga, paka grisi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6, injini ikiunguruma itegemee 13.8 hadi 14.4. Dizeli nyingine za zamani zina volti 24, kwa hiyo angalia kabla hujanunua taa.

Taa za ziada zipigiwe hesabu. Mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12 unapata ampea 9 na kidogo. Swichi ya kwenye dashibodi haikuumbwa kwa hilo. Tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya wa milimita mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwa upande wa taa, waya wote ulio kabla yake unaweza kuwaka moto bila kuzuiwa na chochote.

Sasa marekebisho

Jambo linalowakera wengi wakiambiwa: springi ndefu hazinyanyui difu. Zinanyanyua bodi na chesisi. Difu inakaa katikati ya ekseli, na ekseli inainuliwa na tairi peke yake. Gari lililopandishwa sentimita tano kwa springi litagonga jiwe lile lile kwa difu ile ile.

Basi tairi? Piga hesabu kwanza. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La 285/75R16 ni 834. Tofauti ni milimita 28, na nusu yake tu ndiyo inayokwenda chini ya ekseli: difu imepanda milimita 14. Kwa malipo ya hizo 14, spidi mita inasoma pungufu kwa asilimia 3.4 hivi, gia zote zimekuwa nzito, breki zina kazi zaidi, na huenda tairi likasugua chesisi usukani ukikatwa hadi mwisho. Baadhi ya watu wanaihitaji biashara hiyo. Wengi wangefaidika zaidi na tairi za saizi ya kiwandani zenye kashata (meno ya tairi) nzuri, kipimo cha upepo na kompresa ndogo. Kushusha upepo kutoka psi 35 hadi 18 kwenye mchanga hurefusha unyayo wa tairi na kulifanya gari kuelea. Kisha unajaza tena kabla ya kurudi barabarani. Na usinunue kwa kuangalia kashata tu: tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Ukiwa bado unataka kuliinua, basi ishia kwenye sentimita tano, na uwe tayari kwa haya. Kwenye magari yenye springi za koili na mikono mirefu mbele, kama Defender na Land Cruiser 80, ekseli inajizungusha kidogo gari linapopanda. Usukani unakuwa mlevi na haurudi wenyewe baada ya kona. Hurekebishwa kwa bushi maalumu zenye tundu la pembeni. Fimbo inayoishika ekseli kwa upande huivuta itoke katikati. Mipira ya breki inaweza kuwa mifupi, nayo huijui mpaka ujaribu: inua chesisi magurudumu yaning'inie kabisa, kisha geuza usukani kushoto na kulia ukiitazama mipira. Ikikaza kama uzi wa gitaa, nunua mirefu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa springi za majani, yuboliti (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) za zamani zitupe. Zilishavutika mara moja. Na boliti za bushi za mpira zikazwe za mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utaishi maisha yake yote umesokotwa, na hautaishi sana.

Snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) watu huifunga kwa ajili ya mito, lakini faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa yenye vumbi pungufu. Kwa maji haina kazi kama viungo vyake vinavuja. Jaribio: injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, funika mdomo wa snokeli kwa ubao bapa. Injini inapaswa kukabwa na kuzima. Ikiendelea kunguruma kwa raha, kuna mahali inapovuta hewa, na hapo ndipo itakapovuta maji. Injini ikizima mtoni usipige stata. Maji hayabanwi, na konrodi (fimbo ya pistoni) hupinda. Vuta gari nje, fungua nozeli au plagi za joto, ndipo uzungushe ili maji yatoke.

Mahali pa kuvutia gari pawe kulabu zilizofungwa kwenye chesisi kwa boliti ngumu, mbele na nyuma. Kile kibumba cha kuvutia trela usikitumie kujinasua. Kimewahi kukatika na kuruka kama risasi, na kimeua watu. Mwishowe pima uzito. Bampa la chuma, winchi, keria, hema, na lita 40 za maji ambazo peke yake ni kilo 40, hujumlika haraka kuliko unavyodhani, na kibati cha kiwanda kinaonyesha kikomo. Uzito wa juu ya paa ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu unalipindua gari kwenye mteremko wa ubavu.

Baada ya kufunga kila kitu, zunguka kilomita 50 karibu na nyumbani. Ukirudi, kaza upya yuboliti na nati za magurudumu kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kisha pitisha mgongo wa mkono kwenye kila habu. Zote nne zikiwa na uvuguvugu unaofanana, nenda kaoge. Moja ikikuunguza, beringi imekazwa mno au breki inang'ang'ania, na gari lirudi kwenye stendi kabla hujalala.